Mama alipanga nyumba moja miaka thelathini, mimi nahamishwa kila mara. Tofauti iko wapi?

Swali la msomaji: "Naishi Pipeline, Embakasi, hapa Nairobi, na watoto wangu wawili. Nimepanga bedsita, yaani chumba kimoja, kwa shilingi 9,000. Mwezi huu jengo limeuzwa. Keateka, yaani msimamizi wa jengo, wa mwenye nyumba mpya amepita mlango kwa mlango akisema kodi ni 12,500 kuanzia tarehe moja, na asiyeweza aondoke ndani ya siku kumi. Mwenye nyumba wa zamani hapokei simu, na dipoziti yangu anayo yeye. Hii ni nyumba yangu ya tano tangu niolewe. Mama yangu alipanga nyumba moja ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, kule Kaloleni zaidi ya miaka thelathini na akatulea hapo sote. Yeye alikuwa mpangaji, na mimi ni mpangaji. Tofauti iko wapi? Na je, nianze kufungasha?"

Usifungashe bado, dada yangu. Siku kumi alizotaja keateka ni zake yeye. Sheria ya Kenya haizijui. Tuanze na hilo kwa sababu tarehe moja haiko mbali, kisha tufike kwa mama.

Kama hukutia saini mkataba wa muda maalum, na kodi unailipa kila mwezi, sheria inakuhesabu mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema upangaji wa namna hiyo huvunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha malipo, na notisi hiyo lazima iishe siku ambayo kodi hulipwa. Chukua mfano: unalipa kila tarehe moja, na notisi imekufikia tarehe 20 Mei. Tarehe 1 Juni mwezi haujatimia. Tarehe 20 Juni umetimia, lakini hiyo si siku ya kodi. Kwa hiyo tarehe ya mapema kabisa ya wewe kutoka ni 1 Julai. Maneno ya keateka mlangoni yasikutie hofu. Mwambie, kwa upole, akuletee notisi iliyoandikwa, yenye tarehe na jina la aliyemtuma.

Kuuzwa kwa jengo nako hakufuti upangaji wako. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinauhesabu upangaji mfupi, na ule wa mwezi hadi mwezi, miongoni mwa haki zinazoifuata ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye hati. Mnunuzi amenunua jengo pamoja na nyinyi mliomo ndani, na notisi ambayo mwenye nyumba wa zamani angewajibika kukupa ndiyo anayowajibika kukupa yeye pia. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimekutana na wapangaji wengi wanaohama siku ile ile wanaposikia "jengo limeuzwa", wakidhani kila kitu kimeanza upya.

Ikifika tarehe moja, lipa 9,000 zako. Lakini hakikisha unamlipa anayestahili. Kipindi cha mauzo ndicho kipindi cha matapeli, na keateka mpya mwenye namba mpya ya simu anaweza kuwa mtu yeyote. Omba barua ya mwenye nyumba wa zamani inayowajulisha kuwa jengo limehamia kwa fulani na kodi ilipwe wapi. Ukishaipata, lipa kwa M-Pesa au benki, usitoe noti mkononi. Jambo la kukuweka salama zaidi ya yote ni kutokuwa na deni la kodi hata la mwezi mmoja, maana mwenye deni ana milango michache ya kutetea.

Wakifunga mlango kwa kufuli lao, waking'oa mlango, au wakikukatia maji na stima ili uchoke uondoke, hapo ni wao waliovunja sheria. Kila upangaji nchini una ahadi ambayo sheria yenyewe imeipachika hata kama haikuandikwa popote: kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza wajibu wake atakaa kwa utulivu bila kubughudhiwa na mwenye nyumba. Nenda kituo cha polisi, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Huenda wakakuambia hayo ni mambo ya madai, hayawahusu. Chukua namba hiyo hata hivyo, kwa sababu hakimu ataitaka. Kisha mahakama inaweza kutoa amri ya kuwazuia. Kutwaa vyombo vya mpangaji kwa ajili ya kodi nako kuna utaratibu wake: lazima kuwe na deni halisi, na anayefanya kazi hiyo ni dalali wa mnada mwenye leseni. Keateka hana mamlaka ya kubeba hata sufuria.

Dipoziti ndiyo itakayokusumbua zaidi, na nitakueleza ilivyo. Kenya hatuna sheria inayomlazimisha mwenye nyumba wa makazi kuweka dipoziti kwa mtu wa tatu asiye upande wowote, wala inayosema ni kiasi gani anaruhusiwa kudai. Inaingia kwenye akaunti yake, anaitumia, na ukihama unaanza kumfukuzia. Katika mauzo ya majengo yenye wapangaji, mawakili wa pande mbili kwa kawaida huzijumlisha dipoziti zote na kuzikabidhi kwa mnunuzi. Waulize wote wawili, wa zamani na mpya, kwa maandishi: zilikabidhiwa au la? Kama hakuna anayekubali kuwa nazo, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021 na sasa imefika kaunti nyingi. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Ujumbe wako wa M-Pesa wa siku ulipoingia ndio ushahidi. Kama simu ilipotea, omba taarifa ya malipo ya miezi hiyo.

Sasa nikwambie ukweli wote. Katika haya niliyoyasema, hakuna hata moja linalokupa haki ya kubaki. Mwenye nyumba mpya akiandika notisi yake vizuri, akasubiri mwezi utimie na siku ya kodi ifike, utatoka, na si lazima akwambie kwa nini. Umelipa kila mwezi, hujagombana na mtu, watoto wako shuleni hapo jirani. Sheria iliyopo haiyatazami hayo. Inakupa muda mfupi wa kupumua, na nyumba inabaki kwa hiari ya mwenyewe. Hapo ndipo tofauti kati yako na mama yako inapoanzia.

Mama yako hakuwa na hati ya nyumba ile ya Kaloleni. Alilipa kodi kama wewe. Ila aliyempangisha alikuwa baraza la jiji. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, na serikali ya kikoloni haikuijenga kwa huruma. Nairobi ilihitaji wafanyakazi, na Mwafrika alihesabiwa mgeni wa muda jijini, mtu wa kufanya kazi kisha arudi kwao. Basi mwajiri au baraza ndio waliopaswa kumpa mahali pa kulala: Reli ilijenga Muthurwa na Makongeni, baraza likajenga Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, na baadaye Bahati, Maringo, Jericho. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, nyumba za baraza zikawa za baraza la jiji huru, na wapangaji wake wakawa wapiga kura. Hakuna diwani aliyetamani kuonekana akiwatupia vyombo nje. Kodi haikupanda kwa miaka mingi. Nyumba haikuweza kuuzwa kwa mtu wa kwanza mwenye pesa, kwa sababu haikuwa ya mtu.

Nyumba zile nazo zina mambo yake, na wewe uliyelelewa pale unayajua kuliko mimi. Kodi ndogo iliambatana na paa linalovuja na mabomba ya maji taka yanayofurika bila wa kuyazibua. Nyumba ilipatikana kwa kujuana. Na katika nyua za mitaa hiyo hiyo vimejengwa vibanda vya mabati ambavyo mpangaji wa baraza humpangishia mtu mwingine, asiye na ulinzi wowote. Hata hivyo, mama aliweza kupanda mti uani akijua atakula matunda yake. Uhakika huo ulitokana na aina ya mwenye nyumba aliyekuwa naye, na aina hiyo ya mwenye nyumba ndiyo iliyoacha kuongezeka.

Nairobi ilikuwa na watu wapatao 509,000 katika sensa ya 1969. Katika sensa ya 2019 walikuwa 4,397,073. Nyumba za baraza hazikuongezeka mara nane. Miaka ya 1970 zilijaribiwa njia nyingine, na kubwa kuliko zote ni Dandora: kuanzia 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ziligawiwa ploti zipatazo 6,000 zenye maji, choo na njia, na mwenye kupewa ajijengee vyumba. Hesabu ilikuwa kwamba ataishi chumba kimoja na kupangisha vingine ili alipe mkopo. Yaani mpangaji wa binafsi alikuwa ndani ya mpango tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyeandika haki zake. Wengi wa waliopewa ploti waliuza au wakahama, wakabaki kukusanya kodi tu.

Miaka ya 1980 na 1990 baraza lilifilisika. Masharti ya mikopo ya kimataifa yalitaka serikali ijiondoe katika mambo ya kujenga nyumba, na ikajiondoa. Watu hawakuacha kuja. Pengo hilo likajazwa na wenye ploti: Huruma, Mathare North, Kayole, Umoja, Zimmerman, Githurai, na Pipeline unakoishi. Ploti zilizopimwa kwa nyumba ya chini au ghorofa moja zikapanda hadi ghorofa saba, nane na zaidi, dirisha la huyu likitazama ukuta wa yule kwa umbali wa mkono. Ndani ya muda mfupi hawa wakawa ndio wanaoilaza Nairobi. Sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya robo tatu ya kaya za mijini nchini Kenya wanakaa nyumba za kupanga. Hata katika vijiji vya mabati vya Kibera na Mukuru, wengi ni wapangaji, na mwenye chumba mara nyingi anaishi mtaa mwingine kabisa.

Wala usidhani kuwa wenye nyumba ndio adui zako. Kuna mwalimu mstaafu aliyekopa Sacco akajenga vyumba kumi na viwili ili azeeke navyo, na kuna mwenye majengo ishirini asiyejua sura ya mpangaji wake hata mmoja. Bila wao watu wangelala wapi? Walijenga wakati serikali imekaa. Kosa liko kwa waliouachia upangaji wa binafsi ukue hadi ukawa ndio makazi ya jiji zima, huku sheria wakiiacha pale pale ilipokuwa jiji likiwa dogo.

Na sheria ipo. Hili ndilo linaloniuma kila ninapolieleza. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, Sura ya 296, imekuwapo tangu 1959, na ina karibu kila kitu unachokililia. Chini yake mwenye nyumba hawezi kukutoa mpaka aende mbele ya baraza la kodi na atoe sababu mojawapo kati ya zilizotajwa: hulipi kodi, unasumbua majirani, yeye mwenyewe anaihitaji kwa makazi, na kadhalika. Hawezi kupandisha kodi kwa tangazo la mlangoni. Kuna baraza maalum la kusikiliza mizozo, kwa gharama ndogo. Ila sheria hiyo inahusu nyumba ambayo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kodi hiyo ya kawaida inapimwa kwa kurudi nyuma hadi ile iliyokuwa ikitozwa tarehe 1 Januari 1981. Wakati ule 2,500 ilikuwa kodi ya nyumba nzuri, na wafanyakazi wengi wa jiji walikuwa ndani ya ulinzi huo. Thamani ya shilingi ikashuka, kodi zikapanda, na 2,500 ikabaki 2,500. Hakuna Bunge lililopiga kura kuwanyima wapangaji wa Nairobi ulinzi wao. Walitolewa nje ya sheria kidogo kidogo na bei za vitu, zaidi ya miaka arobaini, na bedsita yako ya 9,000 iko nje kabisa ya uzio huo.

Kumekuwa na majaribio ya kurekebisha. Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 ulitaka kuziunganisha sheria tatu za upangaji kuwa moja na kuyapa mabaraza ya kusikiliza mizozo ya kodi nguvu mpya, lakini haukuwa sheria kabla ya Bunge lile kumaliza muda wake mwaka 2022.

Mtu atakwambia: nunua nyumba yako, uachane na haya. Tazama hesabu. Kenya nzima ina mikopo ya nyumba ya benki ipatayo 30,000, kwa takwimu za Benki Kuu, katika nchi iliyohesabiwa kuwa na zaidi ya kaya milioni 12 mwaka 2019. Serikali kwa upande wake imerudi kujenga: Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mwajiriwa na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kama umeajiriwa rasmi, nawe unachangia kila mwezi. Sipingi ujenzi huo, nyumba ni chache na zinahitajika. Lakini mpango umeelekezwa katika kumfanya mtu amiliki, kwa kuweka akiba ya mwanzo na kulipa kwa miaka mingi, na mwenye kipato cha kupanda na kushuka hukwama hapo. Anayehitaji nyumba ya kupanga kwa amani, kama aliyoipata mama yako, hajengewi nyingi. Na nyumba iliyouzwa kwa bei nafuu leo, kesho mwenyewe anaweza kuipangisha kwa bei ya soko. Dandora ilitufundisha hilo zamani.

Umesema hii ni nyumba yako ya tano. Watu huhesabu kuhama kwa gharama ya pikapu na dipoziti mpya, na gharama hizo ni kubwa: kodi ya mwezi wa kwanza, dipoziti, pesa ya wakala, wakati ile ya zamani haijarudi. Lakini vinavyopotea bila risiti ni vingi zaidi. Mwenye duka anayekuandikia unga na sukari kwenye daftari mpaka mwisho wa mwezi anafanya hivyo kwa sababu anakujua. Duka jipya halikujui. Jirani anayekaa na mtoto wako ukichelewa kazini hahami nawe. Chama chenu cha wanawake cha hapo ghorofani kinafuta jina lako. Mtoto anabadilishwa shule katikati ya muhula, au anaamka saa kumi alfajiri avuke jiji kurudi shule ile ile. Kwa mama anayelea watoto peke yake, vitu hivyo ndivyo akiba yake, na kila notisi inaifuta ianze upya.

Kuna dhara lingine la kimya zaidi. Mpangaji anayejua kuwa anaweza kutolewa bila sababu halalamiki. Nyaya zinatoa cheche ngazini, bomba la choo linavuja kwenye ukuta, lakini anayeuliza ndiye huonekana msumbufu, na msumbufu ndiye wa kwanza kupewa notisi. Kwa hiyo ukosefu wa uhakika wa makazi huzaa pia ubovu wa majengo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, kando ya mto, na kuua watu zaidi ya 50. Lilikuwa limewekewa alama ya kubomolewa, na bado vyumba vyake vilikuwa vikipangishwa na watu wakilipa kodi. Waliokuwa na wajibu wa kuwatoa watu pale ni maofisa wa ukaguzi. Lakini katika jiji ambalo mpangaji ana sauti, ana mkataba na ana baraza la kwenda, ni vigumu zaidi kwa jengo la namna ile kujaa watu.

Si sisi peke yetu tuliofika hapa. Tanzania ilikuwa na sheria yake ya kudhibiti kodi ya 1984, ikaifuta mwaka 2005. Dar es Salaam leo mpangaji huombwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo kabla ya kupewa ufunguo, na mwenye kulipwa kibarua cha siku hajui aanzie wapi. Uingereza ilianza kuwauzia wapangaji nyumba za halmashauri mwaka 1980 na haikujenga za kutosha badala yake. Kisha kuanzia 1989 ikaruhusu mwenye nyumba katika eneo la England kumtoa mpangaji kwa notisi ya miezi miwili bila kutaja sababu. Sehemu ya kaya zinazopanga kwa watu binafsi ikapanda kutoka takriban moja kati ya kumi hadi moja kati ya tano, na kupoteza nyumba ya kupanga kukawa miongoni mwa sababu kubwa za watu kukosa makao. Mwaka 2025 kaya zaidi ya 130,000 huko England zilikuwa zimehifadhiwa na halmashauri katika makazi ya muda. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka huo huo ya kufuta notisi isiyo na sababu, kuanzia tarehe 1 Mei 2026.

Ujerumani ni habari tofauti, na ndiyo ninayopenda kuwatajia wale wanaosema kupanga ni maisha ya njiani tu. Karibu nusu ya watu wake wanakaa nyumba za kupanga, wengi kwa wenye nyumba binafsi, na watu huzeeka humo. Mwenye nyumba lazima awe na sababu inayokubalika kisheria, na notisi yake hurefuka kadiri ulivyokaa: miezi mitatu mwanzoni, sita ukipita miaka mitano, tisa ukipita minane. Majengo yanaendelea kuuzwa na kununuliwa. Mwenye nyumba anaendelea kupata kodi yake. Kilichobadilika ni kwamba miaka uliyokaa ina uzito.

Kwa hiyo mimi siungani na wanaotaka kodi zigandishwe kwa namba moja. Ile 2,500 imetuonyesha mwisho wa namba iliyogandishwa. Ninachotetea ni sababu: mwenye nyumba aseme kwa nini anakutoa, na pawe na baraza la karibu la kumsikiliza yeye na wewe, bila kizuizi cha kiasi cha kodi. Dipoziti ikae mahali ambapo hakuna kati yenu anayeweza kuigusa peke yake. Na kaunti ijenge tena nyumba za kupangisha, izitunze kuliko ilivyoitunza Kaloleni, na isiziuze.

Hayo yatachukua muda, na wewe una siku chache. Usiende kwa mwenye nyumba mpya peke yako. Kaeni wapangaji wote wa jengo, muandike barua moja yenye tarehe, kila mmoja aweke namba ya mlango na saini. Mseme mnamtambua kama mmiliki mara atakapoonyesha uthibitisho. Kwamba mtaendelea kulipa kodi iliyopo mpaka notisi halali iishe. Kwamba mnataka kujua dipoziti zenu ziko kwa nani. Kisha mpe pendekezo: mko tayari kupanda hadi 10,500, kwa mkataba ulioandikwa wa miaka miwili, ambao kwa urefu huo hauhitaji kusajiliwa, na ndani yake kiwekwe kiasi cha nyongeza ya mwaka wa pili na notisi ya miezi mitatu kwa pande zote. Muandikie na hesabu, maana huenda ana mkopo wa kulipa na hesabu ataielewa: chumba cha 10,500 kisichokaa tupu hata mwezi mmoja kinampa 126,000 kwa mwaka, chumba cha 12,500 kilichokaa tupu miezi miwili akitafuta wapangaji wapya kinampa 125,000, na bado hajapaka rangi.